Mzee Asivishwe Ujana wa Uongo

Kwa muda sasa kumekuwa na mabishano, barazani na maskani, juu ya umri wa wachezaji wakuu wa picha za mapigano. Mwezi Mei 2025 ilitolewa picha ya Mission: Impossible – The Final Reckoning, na ndani yake Tom Cruise, aliyezaliwa Julai 1962, anaonekana akining'inia kwenye ndege iliyo angani, hali ya kuwa amebakisha wiki chache kutimiza miaka 63. Mwaka 2023 Harrison Ford, aliyezaliwa mwaka 1942, aliivaa tena kofia ya Indiana Jones ambayo aliivaa kwa mara ya mwanzo mwaka 1981. Mwaka 2024 Amitabh Bachchan, naye aliyezaliwa mwaka 1942, alipigana na vijana katika picha ya Kalki 2898 AD akiwa na miaka 81. Wapo wanaosema kwamba wazee hawa wanastahiki kupumzika na kuwaachia vijana. Wapo pia wanaosema kwamba maadamu nguvu zipo na watu wanalipa kiingilio, hakuna mwenye haki ya kuwazuia.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeshika ncha tu za jambo hili, na kiini chake zimekiacha. Si kosa mzee kucheza picha ya mapigano. Kosa ni kumvisha mzee ujana ambao hanao, na kisha kumnyima mwanamke, kwa sababu ya umri huo huo, nafasi ile ile aliyopewa mwanamme. Makosa hayo mawili ndiyo yanayostahiki kujadiliwa, kwa sababu athari zake haziishii kwenye kiwambo cha senema.

Huenda msomaji akauliza: gazeti linaloandika habari za karafuu, mwani, skuli na hospitali lina haja gani na umri wa wachezaji wa Marekani na India? Jawabu ni kwamba picha hizo zimekuwa sehemu ya malezi ya watu wetu kwa miaka mingi. Visiwa hivi si vigeni kwa senema. Mjini Unguja kulikuwa na majumba ya Majestic, Empire na Cine Afrique, na jumba la Majestic lilijengwa upya katika miaka ya 1950 baada ya lile la mwanzo kuungua moto. Watu wazima walio hai hadi leo wanaikumbuka Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957. Baada yake zikaja picha za Bruce Lee, zikaja za Amitabh, na katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video zilizomleta Rambo hadi vijijini. Jina la Rambo lilizoeleka kiasi kwamba hata mifuko ya plastiki ya dukani ikaitwa mifuko ya rambo. Chombo chenye uwezo wa namna hiyo wa kuingia katika lugha na mazoea ya watu hakiwezi kuachwa bila ya kuhojiwa kinafundisha nini.

Watazamaji wetu wana msemo wao wa zamani: steringi hafi. Msemo huu ni wa mzaha, lakini ndani yake mna falsafa nzima ya picha za mapigano. Steringi hafi, hachoki, na kwa muda mrefu ilitakiwa aonekane pia kwamba hazeeki. Hapo ndipo penye mgogoro wetu, kwa sababu mtu anayemcheza steringi huyo ni binadamu kama sisi, na siku zake zinahesabiwa kama zetu.

Tuchukue mfano unaojulikana dunia nzima, nao ni wa jasusi wa kubuni James Bond. Sean Connery, aliyezaliwa Agosti 1930, alianza kumcheza Bond mwaka 1962 katika picha ya Dr. No akiwa katika umri wa miaka 31 hadi 32. Alipoiacha nafasi hiyo baada ya picha ya mwaka 1971, alikuwa na miaka 41. Mahala pake baadaye pakashikwa na Roger Moore, aliyezaliwa Oktoba 1927. Kwa maneno mengine, aliyepokea kazi alikuwa mkubwa kwa karibu miaka mitatu kuliko aliyeiacha. Moore aliingia mwaka 1973 akiwa na miaka 45, akaendelea hadi mwaka 1985 ilipotoka picha ya A View to a Kill, akiwa na miaka 57. Katika picha hiyo alipangiwa mpenzi aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20, na alipotakiwa kukimbia, kuteleza juu ya theluji au kupanda mahala pa juu, kazi hiyo ilifanywa zaidi na watu wengine waliovishwa nguo kama zake. Watazamaji waliliona jambo hilo, wakalisema. Moore mwenyewe, ambaye alikuwa mtu mcheshi, alikubali baadaye kwamba umri wake ulikuwa umekwisha kuipita kazi ile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Moore hakuwa mchezaji mbaya, na mamilioni walimpenda hadi alipofariki mwaka 2017. Lililowaudhi watu halikuwa mvi zake. Watu waliudhika kwa sababu picha ilifanya kama kwamba mvi hizo hazipo. Mtazamaji alitakiwa akubali kwamba mtu wa miaka 57 ni yule yule wa miaka 35, na kila kilichomwonyesha mtazamaji ukweli kilifichwa kwa hila ya kamera.

Yafaa tuulize kwa nini watengenezaji wa picha hufanya hivyo. Sababu ya kwanza ni fedha. Picha kubwa ya mapigano hugharimu mamilioni mengi ya dola, na mwenye fedha huogopa kuzitia katika uso usiojulikana. Jina lililokwisha kuzoeleka kutoka Bombay hadi Cairo ni kama rehani kwake. Sababu ya pili ni sisi watazamaji. Mtu aliyeona picha ya mwanzo akiwa kijana hulipa tena kiingilio ili ajikumbuke yeye mwenyewe, na kila anapomwona steringi wake yungali akikimbia, hujidanganya kwamba naye yungali kijana. Sababu ya tatu ni ufundi. Zamani kulikuwa na rangi ya nywele, taa zenye mwanga hafifu na mchezaji mbadala anayeonekana mgongo tu. Leo kuna kompyuta. Katika picha ya Indiana Jones ya mwaka 2023, sehemu ya mwanzo inayohusu mwaka 1944 ilichezwa na Ford huyo huyo aliyepunguziwa umri wa uso kwa kompyuta. Hayo yalifanywa pia mwaka 2019 katika picha ya The Irishman kwa Robert De Niro, ambaye picha ilipotoka alikuwa na miaka 76. Uso ulikuwa wa kijana, lakini alipotakiwa kumpiga mtu mateke barabarani, mabega na magoti yalisema kweli ambayo uso ulitaka kuificha.

Wahenga walikwisha kusema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kompyuta inaweza kuuchora moshi huo, lakini haiwezi kuurudisha.

Aidha, si kweli kwamba watazamaji wanamkataa mzee. Ushahidi unaonyesha kinyume chake. Clint Eastwood, aliyezaliwa Mei 1930, alitoa picha ya Unforgiven mwaka 1992 akiwa na miaka 62. Humo alimcheza muuaji wa zamani aliyezeeka, ambaye anapata taabu hata kumpanda farasi wake, na ambaye risasi zake hazilengi kama zamani. Picha hiyo ilipata Tuzo ya Oscar ya picha bora ya mwaka. Mwaka 2015 Sylvester Stallone, ambaye mwaka 1976 alimcheza bondia Rocky, alirudi katika picha ya Creed. Safari hii hakupanda ulingoni kupigana. Alikuwa mzee anayemfundisha kijana wa marehemu rafiki yake, na ndani ya picha yeye mwenyewe anaugua. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kushindania Oscar, heshima ambayo hakupata kwa picha yoyote ya Rambo.

Mfano wa Amitabh Bachchan unawahusu watu wetu zaidi, kwa kuwa hapa Visiwani yupo anayemjua Amitabh asiyemjua waziri. Katika miaka ya 1970 alikuwa kijana mwenye hasira wa Zanjeer, Deewaar na Sholay. Ilipofika mwaka 1997 alitoa picha ya Mrityudata, akiwa na miaka 54, akiendelea na mapigano ya steringi wa zamani. Haikufanikiwa. Mwaka 2000 alikubali kucheza katika Mohabbatein kama mkuu wa skuli, mzee mkali mwenye ndevu nyeupe, huku mapenzi na nyimbo wakiachiwa wachezaji vijana. Watazamaji wakamrudia, na tangu hapo hakupungukiwa na kazi. Hata katika picha ya mwaka 2024, ambamo anapigana kwa nguvu za kimiujiza, anacheza kama shujaa wa masimulizi ya kale ambaye ameishi kwa maelfu ya miaka. Uzee wake haukufichwa. Ulikuwa ndiyo sababu ya yeye kuwamo.

Picha za Hong Kong nazo zililijua jambo hili mapema. Katika Drunken Master ya mwaka 1978, Jackie Chan alikuwa kijana wa miaka 24, na mwalimu wake, yule mzee mlevi mwenye nywele nyeupe, alichezwa na Yuen Siu-tien aliyekuwa na zaidi ya miaka 60. Vijana wetu walioiona picha hiyo hawakumcheka mzee yule. Walitoka nje wakimwigiza yeye pamoja na mwanafunzi wake. Walifahamu bila ya kuambiwa kwamba nguvu za kijana zilitokana na ujuzi wa mzee. Nasi tuna msemo wetu: jungu kuu halikosi ukoko.

Hivyo basi, neno la kwanza tunalolisimamia ni hili: mzee ana nafasi katika picha ya mapigano, lakini nafasi hiyo iwe ni ya mzee. Apigane kama mtu mwenye umri wake, achoke kama wanavyochoka wenziwe, ashinde kwa maarifa pale ambapo zamani alishinda kwa ngumi. Hapo mtazamaji hatodanganywa, na mzee hatodhalilishwa.

Neno la pili linahusu wanawake, na hapa hatuna budi kusema bila ya kuuma maneno. Mizani inayotumiwa kupima umri wa mwanamme siyo inayotumiwa kupima umri wa mwanamke. Katika Mother India, Nargis alimcheza mama wa Sunil Dutt. Wote wawili walizaliwa Juni 1929, wakipishana kwa siku chache tu, na mwaka uliofuata baada ya picha kutoka walioana. Nargis aliipa picha hiyo heshima kubwa, kwani alimcheza mwanamke yule tangu akiwa bibi harusi hadi akiwa kikongwe, na ufundi wake haukuwa na shaka. Lakini mazoea yaliyofuata hayakuwa na udhuru huo. Rakhee, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mpenzi wa Amitabh katika Kabhi Kabhie ya mwaka 1976. Mwaka 1982, katika picha ya Shakti, Rakhee huyo huyo akawa mama yake, ingawa katika maisha ya kweli yeye ni mdogo kwa Amitabh kwa karibu miaka mitano. Kwa miaka sita mwanamme alibaki kuwa kijana, na mwanamke akavuka ujana wote akaingia katika umama wa mtu mzima.

Tusidhani kwamba haya ni ya India peke yake. Katika North by Northwest, picha ya Marekani ya mwaka 1959, mama wa Cary Grant alichezwa na Jessie Royce Landis, aliyemzidi kwa miaka saba tu. Mwaka 2015 mchezaji wa Marekani Maggie Gyllenhaal alieleza hadharani kwamba alipokuwa na miaka 37 aliambiwa ni mkubwa mno kuwa mpenzi wa mwanamme wa miaka 55 katika picha. Tunaomba msomaji aitazame tena hesabu hiyo.

Watetezi wa mtindo huu husema kwamba watazamaji ndio wanaotaka hivyo. Hatukubaliani nao. Mwaka 2022 Michelle Yeoh, ambaye tangu picha ya Yes, Madam ya mwaka 1985 alikuwa akipigana mbele ya kamera, alicheza katika Everything Everywhere All at Once kama mama wa makamo mwenye dobi la biashara, mume, binti na baba mzee wa kumtunza. Watungaji wa picha hiyo walifikiria kwanza kumpa mwanamme nafasi hiyo, naye ni Jackie Chan, kisha wakabadilisha. Picha ilipendwa, na Machi 2023 Yeoh alipata Tuzo ya Oscar ya mchezaji bora wa kike akiwa na miaka 60. Siku hiyo aliwausia wanawake wasikubali kuambiwa na yeyote kwamba wakati wao umekwisha kupita. Ikiwa mtazamaji amekubali mama mtu mzima apigane, basi aliyekuwa hataki siye mtazamaji.

Jambo la tatu ni usalama. Wengi hudhani kwamba hatari ya picha za mapigano inawakabili wazee tu. Sivyo. Julai 1982, Amitabh Bachchan aliumia vibaya tumboni akicheza mapigano ya picha ya Coolie mjini Bangalore, naye alikuwa hajatimiza miaka 40. Alikaa baina ya uhai na mauti, na watu wa dini mbali mbali walimwombea dua. Tom Cruise alivunjika kifundo cha mguu mjini London mwaka 2017 akiruka kutoka jengo moja hadi jingine, akiwa na miaka 55. Harrison Ford alivunjika mguu mwaka 2014 akiwa kazini, naye alikuwa karibu kutimiza miaka 72. Umri huongeza hatari na huchelewesha kupona, lakini hatari ni ya wote. Pia haifai kusahau kwamba nyuma ya kila steringi mzee yupo kijana asiyetajwa ambaye ndiye anayeanguka kutoka ghorofani. Jina lake halimo katika mabango, na mara nyingi hata sura yake hatuijui.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi, nalo ni kejeli. Tabia ya kumcheka mchezaji aliyezeeka imeenea sana. Watu huhesabu makunyanzi yake, huulizana kama meno ni yake, na huona fahari kuligundua wigi. Tunataka kuwakumbusha yaliyompata Bruce Willis. Aliyezaliwa mwaka 1955, alipata sifa mwaka 1988 kwa picha ya Die Hard. Katika miaka ya karibuni alionekana katika picha nyingi za mapigano za gharama ndogo, akisema maneno machache na kuonekana kwa dakika chache. Watu wakamcheka. Waandaaji wa zawadi za kejeli za Marekani, zinazotolewa kila mwaka kwa picha mbaya, wakaanzisha kundi zima la ushindani kwa ajili yake pekee, likiwa na picha nane alizozicheza zilizotoka mwaka 2021. Machi 2022 familia yake ikatangaza kwamba anaacha kazi kwa sababu ya maradhi yanayoathiri uwezo wa kusema na kufahamu maneno, na mwaka uliofuata ikaelezwa kwamba ni maradhi ya ubongo. Waliomkejeli wakaifuta zawadi yao. Wahenga hawakukosea: hujafa hujaumbika.

Somo hilo ni la Wamarekani, lakini pia ni letu. Dini yetu inatufundisha kumheshimu mkubwa na kumhurumia mdogo, na mila zetu zinasema penye wazee haliharibiki neno. Serikali ya Mapinduzi imelitekeleza fundisho hilo kwa vitendo. Wazee wasio na wa kuwatunza walipewa makaazi Sebleni na Welezo, na Aprili 2016 ilianzishwa Pensheni Jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, bila ya kuuliza kama aliwahi kuajiriwa au la. Taifa lililofanya hayo haliwezi kuwa na vijana ambao burudani yao ni kuwacheka wazee, wa nje au wa ndani.

Wapo watakaotuuliza: ikiwa mzee aheshimiwe, jee, vijana watapata nafasi lini? Swali hili ni la haki, na jawabu lake tunalo katika historia ya nchi yetu. Mwaka ule ule wa 1985 ambao Roger Moore aliiacha nafasi ya Bond, Mwalimu Julius Nyerere aling'atuka Urais akiwa na miaka 63, akamkabidhi Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar. Hatukusudii kulinganisha uongozi wa nchi na mchezo wa senema, kwani mambo hayo hayako katika daraja moja. Tunachokusudia ni neno lenyewe la kung'atuka, ambalo Watanzania wote walilijua kutokana na kitendo hicho. Mwalimu aliiacha kazi moja akabaki na nyingine. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa Chama hadi mwaka 1990, na baada ya hapo akawa mzee wa kushauri na kusuluhisha. Hakujifanya kijana, wala hakutupwa. Hivyo ndivyo alivyofanya Stallone alipomwachia kijana ulingo akashika taulo na ndoo, na ndivyo alivyofanya Amitabh alipovaa ndevu nyeupe. Utumishi wa Serikali nao una umri wa kustaafu kwa lazima, miaka 60, lakini hakuna sheria inayosema kwamba akili ya mstaafu istaafu pamoja naye.

Kwa hiyo tunapenda kutoa mapendekezo machache kwa wanaohusika.

Kwanza, kwa watengenezaji wetu wa picha, Unguja, Pemba na Bara. Katika michezo yetu mingi kijana wa miaka 25 hupakwa unga kichwani, akapewa bakora na akakohoa kila baada ya neno, ndiyo akawa mzee. Mzee wa namna hiyo ni wa kuchekesha tu. Wazee wa kweli wapo, na wenye vipaji wapo. Marehemu Amri Athumani, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alifariki Agosti 2018 akiwa na miaka 70, na hadi miaka yake ya mwisho watu walimpenda kwa kuwa alikuwa vile alivyo. Watafutwe wazee wa maigizo ya redio, wa taarab na wa ngoma zetu, wapewe nafasi za wazee, na walipwe. Bi Kidude aliendelea kupanda jukwaani hadi uzeeni kabisa, na hakuna aliyemtaka ajifanye msichana. Tena mama wa steringi achezwe na mtu anayeweza kuwa mama yake.

Pili, kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Kazi ya sensa kwa kawaida imekuwa ni kutazama mavazi, matusi na umwagaji wa damu. Tunashauri kwamba miswada inapopitiwa, iangaliwe pia namna wazee na wanawake watu wazima wanavyoonyeshwa. Hatuombi picha zikatwe kwa ajili hiyo. Tunaomba watungaji washauriwe, kwani ushauri mzuri katika hatua ya mswada una faida kuliko mkasi baada ya picha kukamilika.

Tatu, kwa maofisa wanaosimamia kazi na ajira. Vijana wetu wanaoruka kutoka juu ya mapaa, wanaoendesha pikipiki na kupigana mbele ya kamera wafanyiwe kazi kwa mkataba na wawe na bima. Anayeumia kwa niaba ya steringi asiachwe ajitibu kwa mchango wa marafiki.

Nne, kwa waandaaji wa maonyesho, pamoja na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lililoanzishwa mwaka 1997. Ingekuwa jambo la kheri kila mwaka kukawa na jioni moja ya kuonyesha picha za zamani kwa wazee walioziona zilipotoka mara ya mwanzo, na vijana wakaalikwa kukaa pamoja nao na kusikiliza. Wazee hao wanayo mengi ya kusimulia juu ya foleni za Majestic na Empire ambayo hayakuandikwa popote, na kila mwaka tunawazika baadhi yao pamoja na kumbukumbu zao.

Mwisho, kwa watazamaji wenyewe. Nguvu kubwa iko mikononi mwao. Mtengenezaji wa picha hufuata pale fedha zinapokwenda. Siku watazamaji watakapoacha kulipia mzee aliyevishwa ujana wa uongo, na wakalipia picha inayomwonyesha mtu mzima, mwanamme au mwanamke, akiwa na makunyanzi yake, ujuzi wake na ushujaa unaolingana na miaka yake, picha za namna hiyo zitaletwa. Wazazi nao wawaulize watoto wao baada ya picha kwisha: umeonaje yule mzee, alikuwa ni mzee wa kweli? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mtoto huhitaji kufundishwa nini cha kutazama.